Rangi za Mwenye Eda

Marui, Jumatatu, 1 Machi 1948

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu mume wangu Mfaume afariki, na ni siku ya kumi na tisa niko ndani ya chumba hiki. Mama yake, Bi Mwanamkuu, anahesabu siku za eda kwa kokoto. Kila asubuhi anatia moja kwenye kifuu kilicho karibu na mlango, ananitazama, anaondoka. Anaogopa nitamwibia siku.

Nimefungua sanduku la Mfaume. Alikuwa mwalimu wa shule ya hapa, na kati ya chaki na vitabu vyake nimekuta daftari la kuchorea lenye karatasi nene, halijaguswa, na kisanduku cha bati chenye vidonge kumi vya rangi za maji. Nimeomba kikombe cha maji, nimekaa dirishani, nimechora ukurasa wa kwanza. Sikuchora kitu. Vyenye roho nilikatazwa chuo cha Kurani tangu utotoni, na visivyo na roho sijui kuvichora. Nimetia kijivu juu, udongo chini, nikaacha vikutane katikati vyenyewe. Nimeutazama ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama mtu yeyote tangu mazishi.

Nimejiwekea sharti. Ukurasa mmoja kila siku kabla ya adhuhuri mpaka eda iishe, miezi minne na siku kumi, yaani hadi tarehe kumi na tisa Juni. Na yatakayotokea nitayaandika humu, katika daftari hili la mistari. Mfaume ndiye aliyenifundisha kuandika, basi mafunzo yake na yatumike.

2 Machi

Ukurasa wa pili. Mbaya.

3 Machi

Wa tatu mbaya zaidi, lakini leo najua sababu. Sikuosha brashi.

Jumamosi, 6 Machi

Mama mkwe ameingia na uji akanikuta vidole vimejaa wekundu. Aliweka bakuli chini polepole.

“Mwenye eda na rangi wapi na wapi?”

“Shikamoo mama. Nachora tu.”

“Marahaba. Umevishwa nguo ya marekani nyeupe ili nini? Wanja umeacha, hina umeacha, mafuta mazuri umeacha. Leo unajipaka nyekundu.”

“Sijipaki mimi, mama. Napaka karatasi.”

Aliinama akatazama ukurasa. Nilingoja matusi. Aliuliza, “Hii karatasi ya nani?” Nikasema ya Mfaume. “Na rangi?” Za Mfaume pia. Alitoka bila kufunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake, maana mlango wangu anaulinda kama bawabu wa boma.

9 Machi

Manjano peke yake. Nimefurahi, kisha nikaona aibu kufurahi.

Jumapili, 14 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Paa linavuja pembeni mwa kitanda. Wifi yangu Sikudhani, dada wa Mfaume, amekuja na sufuria ya kukinga maji na binti yake Mboni mgongoni. Sikudhani ndiye mtu pekee anayenichekesha nyumba hii. Mumewe yuko Ruvu, kibarua cha mkonge, na yeye anasema bora hivyo, kwani mapenzi yao ni matamu wakiwa mbali.

Mboni ana miaka minne. Alipanda kitandani akauliza, “Mkaza mjomba, hii nini?”

“Rangi.”

“Rangi ya nini?”

Mama yake akamjibu, “Rangi ya kazi bure. Mkaza mjomba wako hana kazi, eti. Angekuwa na mtoto angepata wapi nafasi.” Alisema kwa kucheka, halafu akakumbuka kwamba mimi na Mfaume hatukujaliwa, akanishika goti. Nikamwambia sijali. Nilijali kidogo.

22 Machi

Karatasi haikauki. Nimejifunza mambo matatu wiki hii. Rangi mbili mbichi zikigusana zinagombana na hazipatani tena. Pahala nilipoacha peupe ndipo jicho linapokwenda kwanza. Na nikianza na nia ya kupendeza naharibu. Juzi nilipata ukurasa mzuri, jana na leo nimekaa nikiunakili kama mwanafunzi mvivu, na zote mbili zimekufa.

25 Machi

Mvua. Kijani na mkaa.

26 Machi

Mvua. Sikutaka kuamka. Nimechora mstari mmoja nikahesabu kuwa ukurasa.

Jumanne, 30 Machi

Kurasa zimepungua. Nilidhani nimehesabu vibaya, nikahesabu tena. Tatu hazipo, zimekatwa kwa wembe karibu na uzi, mkato ulionyooka. Mimi wembe sina, mwenye eda hapewi. Nina hasira ambayo sijaijua tangu Mfaume afe, na ajabu ni kwamba imenipa nguvu. Nimechora kwa kiganja badala ya brashi.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimejua. Leo Bi Swaumu wa nyumba ya pili amekuja kunipa pole, mara ya kwanza tangu arobaini. Alinyoosha mguu, akalikunja goti, akalikunjua.

“Unaona mwanangu? Tangu mwaka juzi halikunji hili. Mungu akuzidishie.”

“Nimefanya nini, Bi Swaumu?”

“Usinifiche. Nimekunywa mbili.”

Alieleza bila haya. Mama mkwe alimpa ukurasa wangu, akauweka katika sahani ya kauri, akaumwagia maji na marashi, akasugua mpaka rangi ikatoka, akanywa. Ni vile walimu wetu wanavyoandika aya kwa zafarani kwenye sahani, wakaziosha, mgonjwa akanywa kombe lake. Ila kombe lina maneno ya Mungu. Mimi nilikuwa nimetia kahawia na udongo mwekundu kwa sababu siku ile nilikuwa na uchungu wa jino.

3 Aprili

Nimemwuliza mama mkwe usoni.

“Ni weye mwenye kukata daftari langu?”

“La mwanangu,” alisema. “Mwanangu alikuwa mwalimu. Daftari la mwalimu lina maneno.”

“Mama, nimechora mwenyewe. Hamna neno hata moja.”

“Weye huyaoni. Mkono unaandika, mwenye mkono hajui.”

Nikamwambia ni haramu kumpa mtu karatasi ya uchafu akanywa akidhani dawa. Akaniuliza kama goti la Bi Swaumu nalo limekosea. Kisha akatia kokoto ya siku, nami nilishamwona akiitia asubuhi. Nikamkumbusha. Akaitoa akiwa amekasirika, maana hapendi kukosolewa na mtu aliyekaa.

8 Aprili

Wanawake wawili wa bondeni. Nimewakatalia. Wamekaa barazani hadi mvua ikakatika, wakaondoka na ukurasa wa jana. Mama mkwe aliwapa.

Jumapili, 11 Aprili

Leo nimetoa kwa mkono wangu.

Alikuja bibi mmoja mjane, kamzika mwanawe wiki iliyopita. Hakutaka dawa ya mwili. Alikaa pembeni yangu akawa anafunua kurasa moja moja. Alipofika kwenye ule wa manjano tupu alisimamisha kidole. Nikauchana nikampa. Ni mara ya kwanza mtu kuchagua kitu nilichofanya. Najua atakwenda kuusugua kwenye sahani. Nilijua nikiutoa.

Nilipenda kuombwa. Naandika hivyo humu kwa sababu daftari hili la mistari haliwezi kuoshwa likanywewa.

15 Aprili

Wamekuja watatu. Ninawapa wekundu wenye kulalamika damu, na kijani wenye kuumwa tumbo. Nani kaniambia? Hakuna. Nimejitungia, na nikisema wanaitikia kwa kichwa. Mama mkwe ananiletea nyama ya kuku sasa. Ananiita mkamwana mbele za watu, zamani alikuwa akiniita huyu.

Nikirudi kuchora najikuta nafikiria watakachotaka. Kurasa zimekuwa nzuri na za uongo.

17 Aprili

Leo nimechora kitu kisichofaa kwa ugonjwa wowote. Nyeusi na udongo mweupe wa Pugu uliobaki kwenye mtungi. Nimepumua.

Jumatatu, 19 Aprili

Buluu ya kisanduku imekwisha. Nimemtuma Sikudhani dukani akanitafutie buluu ya kufulia. Amerudi amelowa, mwenye duka hana. “Alikuwa na hii,” akanipa kipande cha karatasi kimefungwa. Mrututu. Zile chembe za buluu ambazo watu hutia kwenye donda sugu likawaka moto.

Nimelowesha chembe mbili. Sijapata kuona buluu ya namna ile. Inapanda kwenye karatasi na ikikauka inaacha vinyota vidogo pembeni. Chembe zilizobaki nimezihifadhi.

Nyumbani Kongowe baba alikuwa akituweka mbali na mrututu tukiwa wadogo. Kuku wetu mmoja aliudonoa akafa mchana ule ule. Nimelikumbuka hilo vizuri kabisa. Ukurasa nimeuficha chini ya godoro, sikuuacha daftarini.

20 Aprili

Buluu.

21 Aprili

Buluu, na sehemu peupe kama ukucha. Naweza kuendelea hivi mwaka mzima.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimemwambia mama mkwe: “Za buluu usimpe mtu. Zina sumu.” Alicheka, jambo la nadra. “Sumu? Basi weye umezishika siku ngapi?” Nikasema kushika si kunywa. Akasema sawa, sawa, huku akitazama dirishani. Nilipaswa kumkalisha chini nimweleze tena. Nilipaswa kuzichoma. Sikuweza kuzichoma, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

26 Aprili

Mto umekata njia ya chini. Chini ya godoro kumeota ukungu, kwa hiyo nimezianika kurasa nne za buluu juu ya sanduku.

Jumatano, 28 Aprili

Mboni ana homa. Sikudhani hajaja leo wala jana. Nimechora joto, kisha nikaona nimefanya mzaha.

Jumapili, 2 Mei

Jana sikuandika. Naandika leo yote.

Ijumaa jioni Sikudhani alimleta Mboni walale kwa bibi yake, na asubuhi ya Jumamosi nilisikia kilio cha Sikudhani uani. Mboni alikuwa anatapika, na homa haitapishi hivyo, ni kutapika bila kupumzika. Mwanamke mmoja akasema tumpeleke zahanati, na kabla sijafika mlangoni pa chumba Sikudhani alikwishamfunga mtoto mgongoni akaondoka na jirani wakipitia njia ya juu. Zahanati ni mwendo wa saa mbili kukiwa kukavu.

Nilimkuta Bi Mwanamkuu jikoni anaosha sahani ya kauri. Maji aliyokuwa anamwaga yalikuwa ya buluu. Nilirudi chumbani nikahesabu kurasa juu ya sanduku. Tatu.

“Mama, umempa Mboni ya buluu?”

“Mtoto ana moto. Buluu ni baridi.”

“Nilikuambia ni sumu.”

“Weye ulisema. Ya Bi Swaumu nayo ulisema ni uchafu, na goti lake linakunja.” Kisha sauti yake ikabadilika. “Atapona. Anatapika maradhi yanatoka.”

Pale nilielewa kitu kimoja tu. Huko zahanati watamwona mtoto wa homa, watampa kwinini, wala hakuna mtu katika ile safari anayejua kilichomo tumboni mwake. Anayejua ni mimi, na mimi nimekaa eda.

Nilijifunga kanga juu ya marekani nikaelekea mlango wa nje. Mama mkwe alifika kabla yangu, akasimama kizingitini na kile kifuu mkononi.

“Mwenye eda hatoki.”

“Kwa dharura anatoka, mama. Hata mwalimu wa msikitini atakwambia.”

“Ukivuka hapa unaanza moja.”

Nilimwambia nitaanza. Alikigeuza kifuu, kokoto themanini zikamwagika miguuni pangu kwenye tope. Nikazikanyaga nikatoka.

Sikumbuki njia vizuri. Nakumbuka wanaume waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwa mwenye duka, mmoja akageuka ukutani kwa heshima. Nakumbuka marekani imenigandia mwilini, nami sijawahi kuonekana hivyo na mtu isipokuwa mume wangu. Mahali mto ulipokata nilipanda juu, nikapotea, nikapata tena njia. Nilikuwa nasema njiani, mrututu, amekunywa mrututu, nisije nikafika nikashindwa kulitoa neno hilo.

Zahanati ilikuwa na watu. Mganga msaidizi, kijana anaitwa Husseini, alikuwa ameshika kijiko cha dawa mdomoni mwa Mboni.

“Si homa tu,” nilisema. “Amekunywa mrututu.”

Akashusha kijiko. “Kiasi gani?”

Nilionyesha kwa mikono ukubwa wa ukurasa. Alinitazama kana kwamba nina wazimu, nikaeleza: karatasi, rangi, sahani, maji. Watu wote walisikia. Husseini hakuuliza zaidi. Alipiga kelele yaletwe mayai mabichi, akatenga ute mweupe, akamnywesha, kisha maziwa, kisha ute tena. Mboni alitapika nyuzi za kijani juu ya miguu yangu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

“Nani alitengeneza hiyo karatasi?” Husseini aliuliza.

“Mimi.”

“Na nani alimnywesha?”

Sikudhani alikuwa amekaa chini, kichwa cha mtoto kwenye mapaja. Aliinua macho akanitazama.

“Wifi,” alisema, “ulijua?”

“Nilijua ni sumu. Nilijua wanakunywa. Sikujua kama yeye.”

“Mrututu nilikuletea mimi,” akasema. “Nililowa mvua nikuletee.” Baada ya hapo hakusema nami neno lingine.

Tulilala pale. Alasiri ya leo homa ya Mboni imeshuka na ameomba uji. Husseini anasema figo zake tuziangalie, tusijipe uhakika mapema. Mimi nimerudi peke yangu.

3 Mei

Mama mkwe ametia kokoto moja kwenye kifuu kitupu.

5 Mei

Mboni amerudishwa nyumbani kwao. Nimesikia kwa Bi Swaumu, aliyesimama nje ya dirisha kwa sababu haingii tena. Anasema goti limeanza kuuma upya na ni mimi niliyeliharibu kwa kusema maneno yale mbele ya watu.

“Ungenyamaza,” alisema, “mtoto angepona kwa jina lako.”

Nikamwambia mtoto angekufa kwa jina langu. Akaenda zake.

6 Mei

Nimechoma za buluu zote tatu. Moshi wake nao una rangi. Sijachora tangu Ijumaa ile.

Jumapili, 9 Mei

Siku mbili Bi Mwanamkuu hajala. Leo nimempelekea uji mimi, mambo yamegeuka. Nilimkuta amejilaza na uso ukutani. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya wiki nzima.

Akaanza yeye, bila kugeuka. “Ule wa kwanza sikumpa Bi Swaumu.”

“Ulimpa nani?”

“Niliunywa miye. Sijui kusoma, Mwamini. Mwanangu amekufa kaniachia vitabu sanduku zima, hamna hata kimoja kinachosema nami. Nilipoona rangi yake inatoka juu ya karatasi yake, nikasema hii ndiyo barua yangu. Nikaiosha nikainywa. Siku ile nililala usingizi, wa kwanza tangu tumzike. Nikadhani nikimpa na mwenzangu atalala.”

Ni mara ya kwanza katika miaka saba kuniita kwa jina langu.

“Nimemnywesha mjukuu wangu kwa mkono huu,” akasema. “Nikamshika pua ameze.”

Sikuwa na maneno makali tena. Nilikaa naye hadi uji ukapoa, akala vijiko vitatu. Miezi yote hii nilimwona mlinzi wa jela. Kumbe tulikuwa wafungwa wawili, mwenzangu amekaa upande wa pili wa ukuta. Namwonea huruma na bado nimemkasirikia, na hivyo viwili havijachanganyika.

10 Mei

Nimechora. Mkaa tu, na maji. Sina la kujitetea. Nilikaa asubuhi nzima nikijiuliza kama mkono huu una haki, halafu nikaona kuacha pia kungekuwa njia ya kujifanya mtu mwema.

11 Mei

Mkaa.

17 Mei

Mkaa na manjano ya jikoni. Hakuna anayekuja kuomba. Ukurasa umebaki ukurasa. Nilifikiri nitafurahi, na kwa kweli nimekuwa mpweke sana.

Jumatano, 26 Mei

Mvua imepungua. Mwalimu wa msikitini amepita kumwambia mama mkwe kwamba eda haianzi upya, niliyetoka kuokoa roho sina kosa, tarehe yangu ni ile ile. Alimsikiliza kwa adabu, akamwandalia kahawa. Alipoondoka, mama mkwe alitia kokoto ya ishirini na nne.

“Mama, umemsikia.”

“Nimemsikia. Hesabu yangu ni yangu.”

Kwa hesabu yake nitatoka Septemba. Nimeelewa sasa kwamba hahesabu eda. Siku nikitoka nitakwenda kwa baba, naye atabaki na sanduku la vitabu.

1 Juni

Sikudhani amepita uani kuchukua kinu. Nilimsalimu kutoka dirishani. Alichukua kinu.

4 Juni

Nasikia Mboni anacheza, ila anachoka upesi.

9 Juni

Kurasa zilizobaki ni kumi na moja. Leo nimefunua tangu mwanzo, nikipita penye mikato ya wembe na pale nilipochana mwenyewe. Kurasa zilizotoka ni ishirini na sita. Kati ya hizo tisa nilizitoa kwa mkono wangu. Mtu akinishitaki kwa Mungu asije akasema zote ni za mama mkwe.

Jumatatu, 14 Juni

Barua ya baba imekuja kwa mtu wa Mlandizi. Atafika Jumamosi kunichukua twende Kongowe. Nimemsomea mama mkwe. Akasema, “Mwambie mkwe wangu Mzee Kondo anasumbuka bure. Mwanawe bado.”

“Nani ataniogesha siku hiyo, mama?”

“Simwogeshi mtu ambaye siku zake hazijatimia.”

Mjane haogi mwenyewe akatoka. Huogeshwa na mwanamke wa upande wa mumewe, akavishwa nguo mpya mbele ya watu, ndipo inajulikana kwamba ukoo umemwachia. Nisipoogeshwa, nitaondoka hapa nikiwa mwanamke aliyetoroka eda yake mara mbili, na yule aliyemtilia mtoto sumu. Jina hilo litafika Kongowe kabla yangu.

18 Juni

Mkaa. Sikulala mchana wala sikula.

Jumamosi, 19 Juni

Baba amefika saa tatu. Amekaa barazani na mwamvuli wake, anaongea na mama mkwe habari za mihogo, wote wawili wanajua wanachoacha kusema. Mimi nilikaa ndani na marekani yangu. Nilichora ukurasa wa leo kwa sababu haikuwa adhuhuri bado.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Sikudhani, na beseni la maji ya moto, dodoki, na kanga mpya mbili begani. Wiki saba hajasema nami.

“Toka hapo kitandani,” alisema. “Maji yatapoa.”

“Mama amekubali?”

“Mama nimemwambia mwenye haki ya kukataa ni miye peke yangu.”

Aliniogesha kama inavyotakiwa, kichwa kwanza, upande wa kulia, upande wa kushoto. Nililia, yeye hakulia. Alipofika mikononi alisimama. Kucha zangu zilikuwa nyeusi na za njano, na ngozi ya vidole imeshika rangi ndani ya mistari yake. Alikaa chini, akakiweka kiganja changu kwenye paja lake, akaanza kusugua kidole kimoja kimoja.

“Mboni anauliza mbona hujamwona.”

“Umemjibu nini?”

“Kwamba una kazi.” Akasugua. “Mume wangu amerudi kutoka Ruvu, alitaka kuja kukupiga. Nikamwambia na miye anipige, mrututu nilinunua miye. Akakaa.”

“Nisamehe, wifi.”

“Sijafika huko,” alisema. “Nikifika nitakuletea habari Kongowe.” Akachukua mkono wa pili. “Huko utachora?”

Nilitaka kumwambia hapana. Ndilo jibu lililostahili. “Nitachora,” nikasema.

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi, njano chafu yenye weusi.

“Ni mkaa na manjano tu,” nilimwambia. “Hayana kitu.”

“Najua.”

Alinifunika kanga, akabeba beseni akatoka nalo uani. Nilimwona dirishani. Hakuyamwaga pale wanapomwaga maji yote, penye kuku. Alichukua jembe akaenda hadi nyuma kabisa ya choo, akachimba shimo refu kama mkono, akayamwaga taratibu yasiruke, akalifukia. Alilikanyaga kwa miguu yote miwili mpaka udongo ukalala. Kisha akanawa, akarudi kunivalisha.